Chesisi ya Machuki

Ntimaru,
14 Februari 1966

Ndugu yangu Cephas,

Usishangae mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika kati ya kiwiko na kiganja, nao umefungwa kwa vijiti. Nitakueleza.

Gari langu unalijua, ile Chevrolet kuukuu niliyoitia bodi ya mbao na viti vya abiria. Jumanne nilitoka Migori na watu wa soko. Pale korongoni, kabla ya kupanda kuja Ntimaru, gurudumu la mbele la kushoto likaingia shimoni, la nyuma la kulia likapanda jiwe, na gari likajisokota kama nguo inayokamuliwa maji. Nilisikia mbao zinalia. Mlango wa ubavuni ukafunguka wenyewe. Mirumbe, mmoja wa abiria, alikuwa ameuegemea, akatoka nao. Gurudumu la nyuma likampita kifuani. Nilimsikia kwenye usukani, Cephas, mikononi mwangu.

Niliposhuka alikuwa bado anatazama juu, damu inamtoka masikioni. Nyamhanga, ndugu yake wa tumbo moja, alikuwa ameketi kando yake ndani ya gari. Hakulia. Alikwenda mbele, akachomoa hendeli ya kuwashia injini, akanijia. Pigo la kwanza lilikuwa la kichwa, nikalikinga kwa mkono. La pili likaukuta mkono uleule. Abiria wengine wakaokota mawe. Kama askari wa chifu wasingefyatua risasi hewani, ungeletewa habari yangu na mtu mwingine.

Wanasema nimeua. Mimi nasema gari limeua. Wewe kule Burma ndiwe uliyeyaponya malori ya jeshi yaliyovunjika migongo kwenye matope. Niambie: gari la zamani namna hii, uti wake wa mgongo unaweza kutiwa nguvu lisipinde tena? Au nilichome moto?

Wako,
Machuki

*

Homa Bay,
23 Februari 1966

Omera, ndugu yangu Machuki,

Barua yako niliisoma nimesimama. Mke wangu Filister akaisoma baada yangu, akaketi. Pole kwa mkono. Na pole kubwa zaidi iende kwa nyumba ya huyo aliyekufa.

Kwanza nijibu neno moja kwa kweli: mlango huo ulikuwa umewahi kufunguka kabla ya siku hiyo?

Sasa gari. Komeo halina kosa. Chesisi ya gari hilo ni vyuma viwili virefu, kila kimoja kimekunjwa kama mfereji, upande mmoja uko wazi. Gari likiwa jipya, hivyo vinatosha. Likizeeka ribiti zinazoviunganisha hulegea, nawe umelibebesha mbao na watu. Barabara ikilisokota, linasokoteka, na bodi iliyokaa juu yake inafuata. Fremu ya mlango inakwenda upande, ulimi wa komeo unatoka tunduni. Hakikisha mwenyewe: piga jeki kona moja ya nyuma, kisha tazama mwanya wa mlango. Ukiona juu umebana na chini unapitisha kidole, umekiona kilichomtupa Mirumbe.

Dawa ipo. Ule upande ulio wazi nitaufunika kwa bamba la chuma, niuchomelee, chesisi iwe kama sanduku refu lililofungwa pande zote. Katikati nitatia vyuma viwili vinavyokatana. Ncha za bamba nitazikata kama mdomo wa samaki, nguvu isambae. Fundi mwenye haraka huchomelea mstari ulionyooka kutoka juu kwenda chini, na hapohapo ndipo chuma hukatikia baadaye. Bamba zuri ninalo, limetoka kwenye meli kuukuu iliyovunjwa hapa gatini.

Nitumie gari likiwa tupu. Usipakie hata mwanamke mmoja na kuku wake. Wala usifunge mlango kwa waya ukadhani umepona. Siku ya Sabato sifanyi kazi, unanijua.

Ndugu yako,
Cephas

*

Ntimaru,
9 Machi 1966

Cephas,

Nyamweya, mdogo wangu, ndiye anayelileta. Nimepiga jeki kama ulivyosema, nimeuona mwanya.

Maneno ya huku yamekwisha. Wazee wamekaa, tumepatana.

Niongezee vitu viwili. Nondo kwenye madirisha, na kipande cha reli mbele, juu ya bampa, kimeshikwa na chesisi yenyewe. Ng'ombe wa huku hawajui honi.

Ukiona Nyamweya ana jeraha shingoni, alijikata akinyoa ndevu.

Machuki

*

Ntimaru,
2 Aprili 1966

Mzee Cephas,

Hunijui. Naitwa Nyasuguta, mke wa Mirumbe aliyekufa chini ya gari unalolitengeneza. Nilisoma misheni mpaka darasa la nne, kwa hiyo maneno haya ni yangu mwenyewe. Jina lako nimepewa na mke wa Machuki. Mimi na yeye tunateka maji pamoja na pale mtoni hatuna ugomvi. Ugomvi uko juu, kwa wanaume.

Nakuomba usilirudishe gari.

Sijui umeambiwa nini. Huku hakuna mapatano. Siku wazee walipokaa, Nyamhanga alikitwaa kigoda cha mmoja wao, akakitia motoni, akaondoka. Baadaye fahali wawili wa Machuki wakakutwa wamekatwa mishipa ya miguu ya nyuma, wanajivuta kwa vifua. Halafu Nyamweya akakatwa panga la shingo, Mungu akamwachia uhai. Ndipo watu wa Machuki wakamvizia binamu wa mume wangu, wakamponda magoti yote mawili kwa rungu. Anatambaa kama mtoto mpaka leo.

Tumesikia unaweka reli mbele. Umeambiwa ni ya nini? Watu wake wanasema wazi kilabuni: gari likirudi, Nyamhanga atalala pale alipolala ndugu yake.

Usidhani namhurumia Nyamhanga. Anataka kunirithi. Nimekataa, na kila nikikataa ananipiga. Meno mawili nimeyatema. Lakini Mirumbe alikuwa mtu mpole, alikuwa anaogopa hata kuchinja. Sitaki watu wauane kwa jina lake. Nina watoto wawili, mmoja bado ananyonya.

Tafadhali usimwambie mtu kwamba nimekuandikia.

Nyasuguta

*

Homa Bay,
13 Aprili 1966

Machuki,

Kazi imekwisha. Nimeifunga chesisi kutoka nyuma ya injini mpaka springi za nyuma. Nimeng'oa ribiti zilizolegea, nikatia bolti. Nimepiga jeki kona moja mpaka magurudumu mawili yakaacha ardhi, kisha nikaufungua mlango na kuufunga kwa kidole kimoja. Katika maisha yangu sijafanya kazi nzuri kuliko hii.

Na sikupi gari.

Umeniambia uongo. Mtu wa nyumba ya marehemu ameniambia hali ya huko, na jeraha la Nyamweya nimelitazama mwenyewe. Hakuna wembe unaokata namna ile. Reli nimeitupa nyuma ya choo. Mimi na wewe tumeona mtu aliyepitiwa na lori. Tumemkusanya kwa koleo, tukamtia kwenye turubai. Unataka mikono yangu iwe imetengeneza hayo?

Njoo tuzungumze. Ukija mtu mzima utanikuta mtu mzima.

Cephas

*

Homa Bay,
27 Aprili 1966

Machuki,

Anayekuandikia ni Filister. Cephas haongei. Taya lake limefungwa kwa waya, anakunywa uji kwa bua la jani la mpapai.

Ulifika kwangu mchana kweupe, nikakupa chai na mandazi. Ukasema, "Asante, shemeji." Ukazunguka nyuma gerejini, nikawasikia mnaongea polepole kama watu wenye akili. Kisha nikasikia kitu kikivunjika, nikajua si mti. Nilipofika, mume wangu alikuwa kifudifudi kwenye oili na wewe umeshika spana kubwa kuliko zote. Mtu uliyelala naye handaki moja! Alikuwa amesimama mbele ya gari tu. Hakuinua mkono, Machuki. Aliuona mkono wako mmoja umepinda, akaona haya kupigana na mlemavu.

Ndiyo, nilikupiga na mchi wangu, kichwani na mgongoni. Kama usingewahi kuingia garini na kuondoka nalo ningekuua, na kanisani ningekwenda bila kutubu.

Cephas ameandika kwenye kibao nikufikishie neno: "Bolti za bodi zitalegea safari za kwanza. Akaze tena kabla ya kupakia watu." Nimekufikishia kwa sababu ameniomba. Langu mimi ni hili: mguu wako usikanyage kwangu tena.

Filister

*

Ntimaru,
31 Mei 1966

Cephas,

Bolti nimezikaza.

Nililipitisha gari korongoni makusudi, gurudumu moja shimoni na moja juu ya jiwe. Mlango haukutikisika. Ulisema kweli.

Najua nani alikuandikia. Katika nyumba ile anayeweza kushika kalamu ni mmoja. Sijamwambia mtu.

Mwezi wa pili uliniuliza juu ya mlango. Sikukujibu na sitakujibu.

Jumapili wamemuua Nyamweya. Alikuwa anapalilia, hana hata fimbo. Mkuki uliingia mgongoni ukatokea tumboni, naye akatembea nao, jembe mkononi, mpaka nyumbani kwa mama yetu. Mama alidhani amebeba kuni. Aliangukia mlangoni na mpini wa mkuki ukauzuia mlango usifungwe. Tulimvuta ndani kama kitu kisichoingia.

Ijumaa ni soko. Nyamhanga hukaa nje ya bucha, kwenye benchi, mgongo ukutani. Sihitaji reli.

Mwambie shemeji mkono wake ni mzito. Usinijibu.

Machuki

*

Hospitali ya misheni, Migori,
8 Juni 1966

Mzee Cephas,

Ni mimi Nyasuguta. Machuki amekufa. Nataka uisikie habari yake kutoka kwa aliyekuwepo.

Ijumaa asubuhi nilimkataa Nyamhanga mara ya mwisho. Nikamfunga mdogo mgongoni, nikamshika mkubwa mkono, nikaenda kwa chifu kushtaki. Nyamhanga alinikuta katikati ya soko. Alinikamata nguo, akalia kwa sauti, "Huyu ni mke wetu! Mali ya nyumba haitembei!" Akainua panga. Nililikinga kwa mkono wa kushoto, na vidole vyangu viwili vikaanguka vumbini mbele ya mama muuza mboga. Yule mama alivitazama, akafunika mboga zake, akakimbia. Wote walikimbia. Hakuna aliyesema basi.

Ndipo nikasikia injini. Gari lilikuwa linatoka upande wa bucha, kasi, bila honi. Meza za watu zilikuwa zinaruka. Nyamhanga alinivuta akanisimamisha mbele yake, mimi na mtoto mgongoni, akajificha nyuma yetu. Niliuona uso wa Machuki kupitia kioo. Ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha kuamua. Angeweza kutupitia sote watatu. Nami nakuambia kweli, nilikuwa nimechoka, sikusogea.

Alikanyaga breki. Gari lilikuja likilala upande, likasimama karibu nami mpaka nikahisi joto lake magotini. Akashuka mikono mitupu.

"Mwachie," akasema.

"Umemuua ndugu yangu, sasa unamtaka na mke?"

"Nyamhanga, mwachie. Anamwaga damu."

Mkono wa Nyamhanga ukalegea nguoni mwangu, panga likamponyoka. Machuki akanishika, akanitoa kama mtu anavyotoa mzigo. Akanitia garini. Alipogeuka kumwinua mtoto wangu mkubwa, Nyamhanga alikuwa amepokonya mkuki kwa mmoja wa watu wake waliokuja mbio. Ulimwingia chini ya kwapa. Sauti aliyotoa ilikuwa ndogo, kama mtu aliyekumbuka kitu. Alimalizia kumwinua mtoto, akamkalisha, ndipo akauvunja mpini kwa goti, akaingia, akafunga mlango. Ncha ilibaki ndani.

Watu wa Nyamhanga walitutangulia kwa njia ya mkato, wakatungoja korongoni na mawe. Kioo cha mbele kilipasuka chote. Mtu mmoja alining'inia kwenye mlango wa upande wangu, mkono mmoja kwenye kitasa, mwingine na panga, anavuta kwa uzito wake wote huku gari limelala upande kati ya shimo na jiwe. Mlango haukufunguka. Aliburutwa mpaka akaachia, na sikugeuka kumtazama. Machuki alicheka. Damu ilikuwa imejaa kwenye kiti na inamwagikia miguuni. Akasema, "Haipindi. Mwambie Cephas, haipindi."

Aliendesha mpaka Migori, akibadilisha gia kwa ule mkono uliopinda, akasimama mbele ya mlango wa hospitali vizuri kabisa, kama mtu anayeshusha abiria. Wauguzi walipomfungulia alikuwa amekwisha.

Nyamhanga amevuka mpaka, yuko Tanzania. Gari liko hapa nje, na hakuna dereva anayekubali kuligusa, wala kuubeba mwili kuurudisha kwao. Mke wa Machuki analala sakafuni kando ya kitanda changu. Tunalia zamu, huyu akilia yule ananyamazisha watoto.

Najua alichokutendea. Najua namwomba mtu ambaye bado hawezi kutafuna. Njoo umrudishe nyumbani.

Nyasuguta

*

Migori,
15 Juni 1966

Filister mke wangu,

Naandika haraka. Nyasuguta anabadilishwa bandeji, kisha tunaondoka. Dereva wa basi la Homa Bay atakutangulizia barua hii, kwa sababu nataka uwe umeisoma kabla hujatuona.

Nilipoondoka ulisema nisipomlilia Machuki utaelewa. Nimemlilia. Niliosha kile kiti kwa maji ya moto na sabuni nikiwa peke yangu nyuma ya hospitali, na nikalia hapo. Kisha tukampakia na jeneza lake, mkewe ubavuni, na nikalipitisha gari kwenye korongo lile taratibu. Watu walisimama kando ya njia na marungu, upande huu na upande huu. Hakuna aliyerusha kitu. Walikuwa wanamwangalia mwanamke.

Tulimzika jana kando ya Nyamweya. Udongo haujatulia, vijana wa nyumba ya Machuki wakaja kwangu. Walikuwa wamekunywa.

"Leta ufunguo, mzee."

"Mnakwenda wapi?"

"Kwa kina Nyamhanga."

"Nyamhanga hayupo."

"Mama yake yupo," akasema mmoja, na wengine wakacheka.

Nikawaambia gari hili limekwisha kubeba damu ya kutosha. Yule aliyesema alinipiga kofi palepale kwenye taya, nikaona giza. Wakanilaza wakanikanyaga mbavu. Ufunguo nilikuwa nimeushika ndani ya ngumi, wakaikanyaga ngumi, sikuifungua. Wakaniacha wakaenda kwa miguu, wamebeba makaa ya moto kutoka mafigani.

Filister, ningeweza kubaki. Mbavu zangu zilikuwa sababu ya kutosha kwa mtu yeyote. Nikawasha gari nikawafuata, nikakata katikati ya mashamba ya mtama.

Nyumba ya yule mama ilikuwa inawaka upande wa juu. Walikuwa wameegemeza gogo mlangoni kutoka nje, na wao wamesimama mbele yake na mapanga, wanaimba. Ndani nilimsikia anaita majina. Alikuwa anawaita wanawe, Mirumbe kwanza, halafu Nyamhanga. Sikuwa na njia ya kupita mlangoni. Nikazunguka nyuma, nikatia gia ya kwanza, nikaingiza gari ukutani. Nguzo zikavunjika, udongo ukaniangukia kifuani kwa sababu kioo hakipo. Chesisi ilikaa sawa chini yangu kama sakafu. Nikarudi nyuma kidogo, tundu likabaki, nikaingia nikamtoa. Nywele zake zilikuwa zimeshika moto. Nilizizima kwa viganja vyangu, na ndiyo maana mwandiko ni mbaya.

Vijana walipokuja nyuma walimkuta kwenye kiti cha mbele. Mmoja aliinua panga. Mke wa Machuki alikuwa ametufuata mbio, bado na udongo wa kaburi miguuni. Akasimama kati yao na mlango wa gari, akajishika nguo yake kifuani kama atakayejivua, laana wanayoiogopa, akasema kwa lugha yao maneno ambayo sikuyaelewa. Wakatazama chini, mmoja baada ya mwingine. Nilimwomba aje nasi. Akakataa, akasema ana makaburi mawili mapya na mama mkwe wa kulisha.

Kwa hiyo nakuja na hawa: Nyasuguta, mwenye mkono mmoja mzima. Watoto wake wawili. Na yule mama, ambaye ni bibi yao, na ni mama wa mtu aliyemuua Machuki. Hawana pa kwenda. Kwao wangechinjwa na watu wa Machuki, na kwa ndugu zao wangemngoja Nyamhanga arudi. Kile chumba cha vyuma nimekwisha kukifikiria. Vyuma vitalala nje.

Yule mama haongei sana. Viganja vyake vimevimba, Nyasuguta anamlisha kwa mkono wake mmoja. Asubuhi hii, tukiingia Migori, aliniuliza swali moja tu. Aliuliza kama huko tunakokwenda kuna mtu aliyempenda Machuki. Nikamwambia wapo wawili, mimi na mke wangu. Akatazama mbele. Hakuomba kushuka.

Filister, usiniulize neno mlangoni. Watazame kwanza.

Mumeo,
Cephas